Sehemu ya Tatu Ilikuwa Bado

Kama umepewa karatasi ya hospitali juzi, na bado unaibeba ndani ya Biblia ukiogopa kuisoma mara ya pili, keti hapa nikuambie. Sitakueleza saratani ni nini. Wa kukueleza utawapata tele, mpaka muuza nyanya atakueleza. Mimi nitakuambia nilivyokasirika, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kukasirika kunaruhusiwa.

Naitwa Kathure. Wazazi wa hapa kwetu Kaaga wananiita Mwalimu, wanawake wa kanisa wananiita Mama Kendi. Nimefundisha muziki katika shule za hapa Meru zaidi ya miaka ishirini, na Jumapili napiga piano kanisani. Nyumbani pia nina piano, ya mbao, kuukuu, shule moja iliitupa nje baada ya mchwa kula mguu wake. Mume wangu, Baba Kendi, aliichongea mguu mpya wa mti wa mukima, ikasimama. Mvua ikinyesha wiki nzima vibao viwili vinavimba na kukwama, navibandua kwa ukucha.

Chuoni nilifundishwa na mama mmoja mkali, mwenye soksi nene hata Januari. Ukiangalia mikono yako unapopiga, anakuchapa vidole kwa rula. "Macho kwenye karatasi! Vidole vina akili yao!" Huyo ndiye aliyenipa sonata moja nikakaa nayo mpaka ikaniingia mifupani. Sonata, kwa asiyejua, ni kipande kirefu cha piano kisicho na maneno, chenye sehemu kadhaa. Hii yangu ina tatu. Ya kwanza ni ugomvi: mikono yote miwili inashuka kwa kishindo, kisha kimya, kisha kasauti kadogo kanajibu kama mtu anayeombwa msamaha na hataki kuutoa. Wanabishana hivyo mpaka mwisho. Ya pili ni ya polepole. Mkono wa kushoto unatembea kama ng'ombe anayetoka mtoni ameshiba, na wa kulia unaimba juu yake. Ya tatu inakimbia. Ni hasira tena, lakini ile ya kwanza ilikuwa inapayuka tu, hii inajua inakokwenda.

Shika jambo moja hapo. Sehemu ya pili haiishi. Sauti zake za mwisho zinaachwa zinaning'inia, na aliyeitunga ameandika chini kwamba mpigaji asipumzike, aingie ya tatu moja kwa moja. Ndivyo ilivyotungwa.

Mimi niliikata. Nilipoipiga kanisani mara ya kwanza, bado msichana, Mzee M'Itonga, mzee wa kanisa, alinifuata nje na fimbo yake. "Mwalimu, ile ya kwanza ni kelele ya baa. Lakini hiyo ya katikati, hiyo iko na Mungu." Mazishi yaliyofuata wakaniomba niipige jeneza likiingia. Nikaipiga, na ilipoishia hewani vile, watu wakatazamana, Mzee akasimama, akaketi, akasimama tena, hajui kama aanze kuomba. Nikaona aibu. Nyumbani nikachukua penseli nikaandika pale mwisho sauti mbili nzito za kufungia, zile za "amina" tunazomalizia nyimbo za kitabuni. Tangu hapo, kila jeneza lililoingia kanisa letu liliingia kwa sehemu ya pili na amina yangu. Mzee akisikia amina anasimama, anaomba. Watoto wa Kaaga wakaiita wimbo wa jeneza. Sehemu ya tatu hakuna aliyewahi kuisikia hata siku moja, na mimi nilijiona nimesaidia.

Sasa, ugonjwa. Nilipogusa uvimbe kwenye titi, kliniki ya kwanza waliniambia ni maziwa yamekwama. Maziwa! Kendi ndiye mtoto wangu wa pekee, na alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuo Nairobi. Maziwa ya nani? Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, huo ndio ujinga ambao hadi leo unanichoma. Nilikaa na uvimbe huo miezi mitano. Ukiambiwa kitu ambacho hata wewe unaona hakiingii akilini, uliza mara ya pili, hata kama daktari ana haraka na nyuma yako kuna foleni.

Nilikatwa titi Februari, kahawa ikiwa na maua meupe bonde zima. Machi mwishoni, mvua ikianza, wakaniandikia kemo sita, moja kila wiki tatu, katika hospitali moja upande wa Embu.

Chumba cha kungojea kina mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Televisheni iko juu ukutani, mhubiri anarukaruka, sauti imezimwa. Unaambiwa ufike saa mbili, unadungwa saa saba. Beba kikombe chako. Beba sweta hata jua likiwaka, kwa sababu ile dawa inaingia mshipani na baridi yake. Na usikae karibu na mlango, kila anayepita atakuangalia kifua kujua ni upande gani.

Kemo ya pili nywele zikatoka. Ya tatu zikaenda nyusi, na kuhusu nyusi hakuna aliyenionya. Harufu ya githeri, chakula kilichonilea, ikawa inanifukuza jikoni. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukaota vidonda nikawa nakunywa uji wa wimbi uliopoa, kwa kijiko cha mtoto. Na watu wanakuja wanakaa, wanakula chapati zangu, wanasema, "Mama Kendi, wewe ni shujaa." Shujaa gani? Shujaa huenda vitani kwa miguu yake. Mimi nilipelekwa!

Siku ya kemo ya tatu mwanamke mmoja aliketi kando yangu, leso ya kijani kichwani, vidole vyenye mistari myeusi ya utomvu wa majani chai. Akanitazama mapajani muda mrefu.

"Wewe unahesabu nini na vidole?"

"Sihesabu. Napiga piano."

"Ii. Na piano iko wapi?"

Ilinibidi nicheke. Jina lake Igoki, mkulima wa Runyenjes, ugonjwa kama wangu, titi la upande ule mwingine. Tulikuwa na saa tano za kungoja, kwa hivyo nikamweleza sonata yote, sehemu kwa sehemu. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya shamba.

"Kwa hivyo ya kwanza mtu amekasirika."

"Ndiyo."

"Ya pili amechoka kukasirika."

"Hivyo hasa."

"Ya tatu amekasirika tena, lakini amepumzika sasa." Akakaza fundo la leso. "Na sisi tuko wapi hapo?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza! Aki na mimi nilidhani tuko mwisho."

Nimesoma chuo miaka mitatu na sijawahi kusikia mtu akiielewa sonata haraka namna hiyo. Nilimwahidi nikimaliza dawa nitampigia yote, mpaka ya tatu. Nilipotamka hayo nilijua kwamba ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka. Kupona ni neno la madaktari, na hawakulisema. Mimi nilitaka kufika sehemu ya tatu kwa mikono yangu.

Jioni hiyo nilifika nyumbani nikakuta piano imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake thermos, dawa zangu, bilauri, kadi za pole, na maua ya plastiki. Ya plastiki!

"Nani ameweka hivi vitu hapa?"

"Ni mimi," Baba Kendi akasema. "Wageni wanakosa pa kuweka vikombe."

"Hii ni meza?"

"Kwa sasa si hupigi, Mama Kendi. Ni ya kwa sasa tu."

Nilikuwa nimechoka mno hata kugomba. Nikalala nikiwa nimekasirika, nikaamka hivyo hivyo. Mume wangu ni mwalimu wa kilimo, mtu mpole, ananipikia, ananiogesha, na kwa wiki nyingi nilishindwa kumtazama kwa sababu ya ile thermos. Ndoa ikiwa na mgonjwa hugombania vitu vya ajabu.

Kisha kemo ya nne dawa ikabadilishwa, na ya tano vidole vikafa. Sio maumivu. Ni kama umevaa glavu za sufu ambazo huwezi kuzivua. Nilishika sufuria ya maziwa nikasikia harufu ya kuungua kabla sijajua ni mimi ninayeungua. Nilimwambia muuguzi, "Mimi ni mpiga piano," akaandika, "ganzi vidoleni," akaita jina linalofuata. Nilimchukia muuguzi yule kwa moyo wangu wote, na sasa najua alikuwa na watu arobaini nyuma yangu. Lakini siku ile nilimchukia.

Ilikuwa Julai, ule ukungu wa kutoka mlimani umeshuka mpaka kwenye ua, huoni zizi. Saa kumi Baba Kendi akaenda kukamua. Nikatoa vitu vyote juu ya piano nikaviweka sakafuni, maua ya plastiki nikayatupa nyuma ya kochi. Nikajaribu sehemu ya kwanza, vidole vikaanguka popote. Ya tatu sikumaliza hata mstari. Nilikuwa nagusa kibao na sijui nimekigusa mpaka nikisikie kimelia. Basi nikapiga ya pili, kwa kuwa ya polepole inakupa muda wa kutafuta. Nikaipiga yote, na mwisho, kwa mazoea, nikatia amina.

Haikupita nusu saa nikasikia "Uuuui!" langoni.

Nikafungua mlango. Mbele alikuwa jirani yangu Mama Mwenda na mzigo wa kuni mgongoni, nyuma yake wanawake kama kumi wa kanisani, vitambaa vyeupe vya matanga vichwani, sufuria kubwa ya kanisa, sukari, kibuyu cha maziwa. Wote machozi. Mimi nimesimama hapo kichwa wazi kama yai. Mama Mwenda akaangusha kuni.

"Ngai wakwa, Mungu wangu! Mama Kendi, ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Nilikuwa napita na nyasi za ng'ombe nikasikia ile wimbo. Wimbo ya jeneza. Ikatoka hapa kwako mpaka amina. Nikajua... nikajua tayari."

"Ulijua tayari nini? Kama nimekufa, nani alikuwa anapiga?"

Aliyebeba sufuria akaitua chini.

"Hapo," Mama Mwenda akasema polepole, "hapo hatukufikiria."

Nicheke au nilie? Nilikuwa nimeshika mlango niwafungie nje, na hiyo ndiyo hali Baba Kendi alitukuta nayo. Alitokea kwenye ukungu na ndoo ya maziwa, akaona vitambaa vyeupe vimejaa mlangoni pake. Mimi hakuniona, nilikuwa ndani ya mlango. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti pale pale kwenye matope, maziwa yote yakamwagika, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama.

Nilipita katikati ya wale wanawake nikimwita. Ilichukua muda kabla hajaamini.

Walipoondoka (sukari waliacha, na kuni pia, sikukataa) tuligombana ugomvi wetu mkubwa kuliko yote.

"Kwa nini uliipiga hiyo? Hukupata ingine?"

"Ndiyo pekee vidole vinaweza!"

"Usijiitie mambo, Kathure! Ukiipiga hiyo mimi najiona natembea nyuma ya sanduku lako. Unadhani kwa nini nilifunika hiyo kitu? Ni vikombe? Mimi nilikuwa naogopa ufungue uipige hiyo!"

Alilia kama mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba ule si wimbo wa kifo, ni mtu anavuta pumzi katikati ya vita. Lakini swali likanitangulia. Nani alimfundisha kwamba ni ya kifo? Nani aliwafundisha wanawake wale, na Mzee M'Itonga, na watoto wa Kaaga? Ni mimi, na penseli yangu. Hasira yote niliyokuwa nimewagawia watu tangu Februari ikanirudia mwenyewe nyumbani, na ilikuwa na haki. Nilikuwa nimewapa watu sehemu ya kuchoka peke yake kwa miaka ishirini, nikaifunga, nikawaambia yote ndiyo hiyo.

Kemo ya sita ilikuwa mwisho wa Julai. Igoki, ambaye naye vidole vilikuwa vimemfa ganzi, alikuwa amemaliza zake, akanipigia simu siku ya pili.

"Vidole vimerudi?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini nimerudi kuchuma majani chai."

"Unachumaje bila kusikia?"

"Naangalia. Zamani nilikuwa nachuma nikiongea na watu, mkono unajua wenyewe majani mawili na kichipukizi. Sasa mkono umesahau, jicho linaufundisha upya. Pole pole. Nachuma nusu ya kikapu. Lakini ni majani mazuri."

Kwa hivyo nikaanza kuangalia mikono yangu. Usidhani ni jambo dogo. Kila nilipoinamisha macho nilihisi ile rula ikishuka. Lakini nikatazama kila kidole kikienda mahali pake, kama mtoto wa darasa la kwanza, mistari miwili kwa siku. Agosti nzima, Septemba, mahindi yakivunwa. Baba Kendi alitafuta stuli ya kuwekea vikombe. Nilipokuwa napiga hasira za sehemu ya tatu, alikuwa anakaa jikoni anamenya viazi, haendi zizini. Siku moja akapaza sauti kutoka huko, "Hapo jana ulikuwa unakosea, leo umepita." Nikamwambia anyamaze, nikakosea.

Oktoba mvua ikarudi, na wazee wa kanisa wakaamua kwamba lazima nifanyiwe ibada ya shukrani, ndiyo desturi, mtu akitoka ugonjwani kanisa linashukuru na mbuzi anachinjwa. Nikasema sitaki. Daktari alikuwa amesema tu, "Tutaendelea kuangalia," kucha hazijarudi, nishukuru nini? Mzee M'Itonga akaja mwenyewe, amezeeka sasa, akaegemea fimbo.

"Mwalimu, watu walikuombea. Waache wafurahi. Na utupigie ile yako ya katikati."

"Nitapiga," nikasema.

Jumapili ya kwanza ya Novemba kanisa lilijaa. Igoki alitoka Runyenjes na mkungu wa ndizi, akakaa benchi ya pili, nywele zimeanza kumwota kama za kifaranga. Mzee akashika kipaza sauti akatangaza, "Mama Kendi amepona kabisa!" Watu wakapiga makofi. Nikauma meno nikaenda kwenye piano.

Nilianza sehemu ya pili. Baada ya mistari minne leso zikatoka. Nilisikia mtu akipenga kamasi, na hata bila kugeuka nilijua kanisa zima linaliona jeneza, na ndani yake linaniona mimi. Niliitazama mikono yangu. Mkono wa kushoto ulitembea, wa kulia ukaimba, tukafika mwisho, pale penye penseli.

Sikutia amina. Niliziacha zile sauti zining'inie kama zilivyoandikwa. Nikasikia fimbo ya Mzee ikigonga sakafu, anainuka kuomba, anangoja amina, haiji.

Nikaingia ya tatu.

Nilikosea. Sema ukweli, Kathure: nilikosea mara nyingi, kuna ukurasa mmoja nilipiga nusu ya sauti zake tu, na kidole kidogo cha kulia hakikufanya kazi hata kidogo. Lakini haikusimama. Niliipigia ile kliniki ya maziwa. Nilipigia nyusi zangu, na zile kadi za pole, na neno shujaa, na matope yaliyomnywea mume wangu maziwa yake, na penseli. Nilipofika zile sauti za mwisho, za mwisho kweli kweli, mikono yote miwili ilishuka pamoja nikaisikia mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa vidoleni sikusikia kitu.

Hakuna aliyepiga makofi. Igoki alikuwa amesimama peke yake, mikono kifuani, machozi yanamtiririka, na anacheka. Kisha Mama Mwenda, kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyesahau yuko kanisani:

"Haiya! Kumbe ilikuwa na mbele?"

Mzee M'Itonga bado alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi, tangu ile amina ambayo haikuja. Alinitazama kwa makini, mtu ambaye hataki kukosea tena.

"Mwalimu," akauliza, "sasa imeisha?"

"Sasa imeisha," nikamwambia. "Omba."